Mwitaji wa Njano

2 Aprili

Yariela, mjukuu wangu, ameninunulia daftari hili kule mjini Las Tablas. Anasema niandike kila siku, hata mstari mmoja, herufi zisije zikanitoroka. Nina miaka sabini na moja na sijakaa darasani hata asubuhi moja. Kusoma amenifundisha yeye, hapa hapa kwenye mchanga wa Arenal, kwa majina yaliyopakwa rangi ubavuni mwa boti. Neno la kwanza kulijua ni Bienvenida, kwa kuwa ndilo jina la boti aliyoniachia marehemu mume wangu, Toribio. Nikikosea, nimekosea.

Jodari wameanza kuonekana. Wageni wa mji mkuu wanapiga simu, wanataka kwenda kuvua kwa raha zao.

3 Aprili

Upepo. Nimekaanga mikate ya watu wa boti sita. Mgongo unauma.

6 Aprili

Yariela kaleta leseni yake ya unahodha, kaifunga kwenye nailoni kama cheti cha ndoa. Ana miaka ishirini na sita na ndiye mwanamke wa kwanza kuipata pwani yetu. Nimemkumbatia mpaka akalalamikia mbavu zake. Kisha akauliza nilichojua atauliza.

"Sasa bibi, Bienvenida itatoka na mimi lini?"

"Siku itakapokuwa na kila kitu cha kuokolea watu. Kila kitu. Siyo boya moja la kupigia picha."

"Babu katoka miaka thelathini na kifuniko cha sanduku la barafu tu, badala ya boya."

"Na siku mbili nzima alikaa juu ya boti iliyopinduka, kakikumbatia hicho kifuniko, na mimi hapa nashona sijui nashona nini. Mama yako alikuwa tumboni mwangu. Usinisimulie babu yako, nilikuwepo."

Toribio alikuja kufa kitandani, kwa sukari, lakini zile siku mbili sijamsamehe hadi leo.

Mama yake Yariela ni binti yangu Nereida. Yuko mji mkuu, analea wazee wa watu. Aliniachia mtoto ana miaka minne, na pale kituo cha basi aliniambia neno moja tu: "Mtunze." Mimi si mtu wa maneno laini, lakini neno hilo nalilala nalo na kuamka nalo.

9 Aprili

Kutwa nzima kwa muuza vifaa vya boti, mimi na Yariela. Yule bwana katutolea kwanza majaketi ya kuokolea, yale mepesi ya kuvalia kichwani.

"Mama, haya ndiyo wanayonunua wote."

Nikavuta mshono kwa ukucha. Uzi wa pamba. "Huu ukinywa chumvi miezi miwili unaoza. Nashona mito ya boti huu mwaka wa arobaini, baba. Tuheshimiane."

"Mbona hajarudi mtu kulalamika?"

"Wa kulalamika atatokea wapi?"

Yariela akageukia ukutani kucheka. Nikachagua yale mazito yenye mkanda wa kupita katikati ya mapaja. Nililivaa moja palepale dukani, juu ya gauni, nikamwambia Yariela alishike mabegani alivute juu kwa nguvu zake zote. Jaketi halikupanda hadi masikioni. Nilipanda mimi. Tumechukua sita.

Tukachukua fataki za ishara, filimbi sita, kioo cha kumulikia, na mtungi wa kuzimia moto.

Kisha kile kifaa cha njano chenye waya mweusi kama unyoya kichwani. Ukikitumbukiza majini au ukikibonyeza, kinaita setilaiti, na setilaiti inawaambia watu wa uokoaji. Yariela anakiita Mwitaji. Wako wa aina mbili. Mmoja anaita na kutaja papo hapo mahali alipo. Mwingine, wa bei nafuu, anataja jina la boti tu; mahali panajulikana baadaye, setilaiti nyingine zikishapita.

"Tuchukue anayetaja mahali," Yariela akasema.

"Tukimchukua huyo, hela ya boti ya mpira haitoshi. Na boti ya mpira ndiyo utakayokalia, Mwitaji hakaliwi."

"Bibi, dakika zina kazi kubwa kule nje."

"Aite tu. Wakishaitwa watatafuta."

Nimechukua wa bei nafuu. Boti ya mpira tumeagiza, itakuja baada ya miezi miwili. Bila hiyo Bienvenida haitoki, nimesema.

14 Aprili

Yariela kamwandikisha Mwitaji. Kuna fomu: jina la boti, rangi, mwenye boti, na simu ya kupigiwa hatari ikitokea. Akataka kuweka namba yake.

"Wewe utakuwa majini, wakupigie wewe wa nini? Weka ya nyumbani. Mimi niko hapa siku zote."

16 Aprili

Leo tumechekwa. Yariela alikuwa akimpangusa Mwitaji, akambonyeza bila kujua. Baada ya robo saa simu ikalia, bwana mmoja wa uokoaji ananiuliza kwa adabu kama Bienvenida iko hatarini. Nikamwambia iko kwenye trela, na Mwitaji yuko mezani kwangu karibu na vitunguu. Akasema haina neno, mama, hutokea kila wiki. Jioni pwani nzima ilikuwa ikiniuliza kama vitunguu vimeokolewa.

22 Aprili

Siku ya mkaguzi wa vifaa vya kuokolea. Niandike inavyokuwa, maana naona hata aibu kidogo nikiiandika, na nilipokuwa nikiifanya sikuona.

Boti za hapa ni kumi na moja. Vifaa kamili vinatosha boti tatu. Kwa hiyo kila mwaka vifaa hutembea. Mkaguzi akimaliza boti ya tatu, anaitwa kwangu kula. Namwekea mikate ya kukaanga, jibini, soseji, kahawa, yai. Wakati anakula, Melquíades, mwenye boti ya Gallo Fino, anasukuma toroli nyuma ya mabanda ya kuku, kafunika vifaa kwa magunia, anavipeleka kwenye boti zinazofuata. Nikiona toroli limeshapita, namwacha mgeni wangu ainuke. Kazi yangu ni hiyo. Naifanya tangu Toribio yu hai, na wananisifu kwayo.

"Mama Edilsa, mwaka huu umenipa yai la pili," mkaguzi akaniambia.

"Umekonda."

Anajua. Ana miguu mibovu na hapendi ugomvi.

Mwitaji wangu leo kapita boti nne. Jina la Bienvenida lililoandikwa mgongoni mwake walilibandika utepe mweusi.

25 Aprili

Vifaa vyote vimerudi isipokuwa Mwitaji. Nimemfuata Melquíades kwenye boti yake.

"Nilikuwa nakuja kukuletea, mama Edilsa."

"Siku ya tatu unakuja? Nyumba yangu ipo hatua mia. Wa kwako yuko wapi?"

"Yupo. Betri tu ndiyo imekufa."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Basi huna. Unayo maiti."

Watu wakacheka, akaona haya. Nikafungua na mlango wa sanduku la mbele. Majaketi yake yako chini kabisa, ndani ya nailoni za dukani, yamefungwa kamba mara mbili kama mzigo wa basi.

"Na haya utayavaa vipi?"

"Wageni wanapenda kuona vitu vipya. Ukiyatoa yanashika harufu ya chambo."

Nimemrudisha Mwitaji nyumbani, nimemfungia ndani ya sanduku la mbao chini ya cherehani. Ufunguo uko kwenye msumari wa jikoni. Nimetangaza: hatoki tena nyumba hii ila na Bienvenida.

4 Mei

Mvua ya kwanza. Paa linavuja palepale pa mwaka jana.

8 Mei

Melquíades macho yameanza kuingia ukungu, anataka mtu wa kushika usukani wa Gallo Fino. Kamwomba Yariela. Yariela kakubali bila kuniuliza.

"Unataka nikae nipige miayo mpaka boti ya mpira ifike? Wageni wako sasa. Jodari wako sasa."

"Ile boti haina kitu."

"Nitavaa jaketi letu. Na nipe Mwitaji niende naye."

"Hapana. Nikimkopesha Melquíades leo, hatanunua betri mpaka kiama. Mwambie anunue, wiki hii."

"Na wiki hii yenyewe je?"

"Wiki hii usiende."

Akanicheka, akanibusu kipajini, akaenda. Nadhani nilikuwa na haki. Ninaandika ili nikumbuke kwamba nilidhani hivyo.

9 Mei

Katoka alfajiri. Karudi saa tisa.

10 Mei

Katoka. Karudi saa tisa na nusu. Kavua samaki wanne, fulusi.

13 Mei

Katoka. Karudi.

17 Mei

Melquíades kanionyesha karatasi kwamba betri ameshaagiza. Nikaisoma herufi kwa herufi mbele yake, akisubiri kama mshitakiwa. Ni kweli ameagiza. Huenda nimemfikiria vibaya zaidi ya anavyostahili. Anamlipa Yariela sawa na mwanaume, na mbele ya wageni anamwita nahodha.

21 Mei

Katoka. Karudi.

26 Mei

Mvua kutwa. Hakutoka mtu. Yariela kanisomea maelekezo ya boti ya mpira kwenye simu yake: inajaa upepo kwa kuvuta kamba moja, ina paa, ina chupa za maji. Nimemuuliza kama ina choo. Kacheka mpaka akakohoa. Siku nzuri.

1 Juni

Katoka. Bahari chafu pale kwenye rasi ya Punta Mala. Saa tisa bado. Saa kumi bado. Saa kumi na robo nikaona trekta likiingia majini kuivuta Gallo Fino, nikaenda kumimina supu kwenye bakuli kana kwamba sikuwa nimesimama mlangoni.

"Ulikuwa unaniangalia," akasema.

"Naangalia pelikani."

5 Juni

Betri ya Melquíades bado.

10 Juni

Boti ya mpira inafika Ijumaa. Wamepiga simu. Jumamosi Yariela anaitoa Bienvenida. Nimeshona mito mipya, kitambaa cha buluu, uzi wa nailoni. Kaikagua kila mshono kama mimi. Kaniambia, "Bibi, ulikuwa unataka boti isiyotoka," nami nikamwambia nataka boti inayorudi. Kesho ni safari yake ya mwisho na Gallo Fino, na wageni wawili, daktari wa meno na shemeji yake.

11 Juni

Katoka.

16 Juni

Tarehe kumi na moja niliandika neno moja, nikaacha daftari wazi mezani niendelee akirudi. Nitaandika yaliyobaki sasa. Mkono ni mzito, lakini yeye ndiye aliyesema hata mstari mmoja.

Saa nne na nusu asubuhi simu ililia. Nilikuwa na unga hadi viwikoni. Alikuwa yule bwana wa mwezi wa nne, niliijua sauti yake.

"Habari za asubuhi, mama. Kifaa cha boti Bienvenida kinatoa ishara ya hatari. Boti iko baharini?"

Nikachungulia dirishani. Bienvenida ilikuwa juu ya trela, na kuku wawili wamejikinga jua chini yake.

"Haijatoka," nikasema. "Naiona."

"Una hakika, mama?"

"Baba, ina kuku chini yake."

Akacheka. Na mimi nikacheka. Akasema basi itakuwa kama ile ya siku ile, nikasema bila shaka kimelala vibaya sandukuni, jioni mjukuu wangu akirudi atakizima. Nikamsikia akiandika. Tukatakiana siku njema.

Sanduku liko hatua sita kutoka kwenye simu. Nimezihesabu baadaye. Lakini ufunguo ulikuwa jikoni, mafuta yalikuwa yameshashika moto, na mimi nilijua. Mtu anayejua haendi kutazama.

Saa saba na nusu ikalia tena. Safari hii hakunisalimia.

"Mama, setilaiti nyingine zimepita. Ishara iko maili ishirini kusini mwa Punta Mala. Fungua sanduku lako uniambie."

Nikaiacha simu ikining'inia. Sanduku halikuwa na Mwitaji. Kulikuwa na karatasi, imeandikwa kwa herufi kubwa kama za ubavuni mwa boti, kwa sababu hizo ndizo ninazosoma haraka.

BIBI USIKASIRIKE. BETRI YAKE BADO. NITAMRUDISHA JIONI.

Sikusoma haraka. Nilisoma neno kwa neno, na yule bwana kule kwenye waya akiita mama, mama, mama.

Walitoka mara moja. Boti ya uokoaji ilitoka, na ndege ilitoka, na boti zote za Arenal zilizokuwa na mafuta zilitoka. Waliwafikia saa tisa na nusu. Melquíades na wageni wake wawili walikuwa juu ya mgongo wa Gallo Fino, wazima. Yariela alikuwa nao, wamemfunga kwa kamba ya chambo asiteleze. Alikuwa ameshafariki, yapata saa nzima kabla.

Kilichotokea kanisimulia Melquíades mwenyewe, kapiga magoti mlangoni kwangu na chumvi bado nyusini. Mkondo ulikutana na upepo wa kusini, mawimbi mawili yakaingia kwa nyuma, moja juu ya jingine, boti ikalala ikageuka. Majaketi yalibaki chini, ndani ya sanduku la mbele, ndani ya nailoni, ndani ya kamba. Wageni hawajui kuogelea vizuri. Yariela akavua jaketi lake, lile tulilolichagua, maana mtu hawezi kupiga mbizi akiwa nalo. Akamvalisha daktari. Akazama chini ya boti akakata kamba kwa kisu, akatoa jaketi moja. Akazama tena akatoa la pili. Mara ya tatu, akiibukia nyuma ya boti, wimbi liliinyanyua na kuiangusha ubavu, na panga la injini, lile la kusukumia maji, likampata pajani.

Walimfunga kwa mkanda. Damu ilipungua lakini haikukata. Mwitaji alikuwa amefungwa kifundoni mwa mkono wake, taa inawaka na kuzima. Na yeye, Melquíades anasema, ndiye aliyekuwa akiwapa moyo wao.

"Alikuwa anatuambia, tulieni, watampigia bibi. Bibi yuko nyumbani siku zote."

Alisema hivyo hadi karibu na saa nane, kisha akaanza kusema taratibu, kisha akaacha.

Daktari wa hospitali kaniambia jeraha lenyewe lilikuwa la kutibika. Angefika mapema, kasema. Sikuuliza mapema kiasi gani. Najua. Kutoka saa nne na nusu hadi saa saba na nusu.

17 Juni

Nereida yuko hapa tangu siku ya maziko. Anafagia ua usio na uchafu. Jioni saa kumi na moja watu wanakuja kusali, siku tisa kama ilivyo kwetu. Kahawa, mikate, rozari.

Sijamwambia mtu kuhusu simu ya kwanza.

18 Juni

Melquíades anakuja kila jioni. Anasimama nje, kando ya pipa la maji. Hakuna anayempa kiti wala kikombe. Mwenye trekta kasema hataivuta Gallo Fino tena hata ikiozea majini. Kuna aliyemtemea mate miguuni. Wote wanasema ni yeye: majaketi, betri, uchoyo. Na mimi nimekaa kwenye kiti cha mfiwa, nasikia, nainamisha kichwa kana kwamba nalia tu.

19 Juni

Melquíades kaniletea betri. Imefika leo. Kaiweka kizingitini, bado kwenye boksi lake.

"Ni mimi, mama Edilsa," akasema. "Usitafute mwingine."

Sikumjibu. Hii ndiyo dhambi niliyoifanya kwa akili timamu. Ile ya kwanza sikujua. Hii najua.

20 Juni

Mvua. Nereida kalala kwenye kitanda cha mwanawe, na viatu.

21 Juni

Nilimfikiria Melquíades kuwa mtu wa njia ya mkato, na ni kweli. Nilijifikiria mimi kuwa mtu wa kila kitu mahali pake. Lakini nani alimpa mkaguzi yai la pili? Wale watu wa uokoaji hawana macho, wana jina tu lililoandikwa mgongoni mwa kifaa. Sisi hapa tumezoea jina la boti hii kulala kwenye boti ile, tunabandika utepe, tunaita ujirani. Na nilipokasirika na ujirani huo, nilifunga kufuli, na mtoto akalazimika kuniibia kitu ambacho nilinunua kwa ajili yake.

Kesho ndiyo siku ya tisa. Wakiondoka kesho, uongo wangu utakuwa umezikwa salama.

22 Juni

Nilimwambia Nereida asubuhi, jikoni, kabla ya watu. Nilimwambia nikiwa nimesimama, sikutafuta pa kukaa.

"Walinipigia saa nne na nusu."

Alikuwa akimenya mihogo. Hakuinua kichwa. "Nani?"

"Watu wa uokoaji. Walipiga mara mbili. Mara ya kwanza waliniuliza kama Bienvenida iko baharini."

Kisu kikasimama.

"Ukasema nini?"

"Nikasema haijatoka."

"Niambie maneno yenyewe, mama. Yote. Kama ulivyoyasema."

Nikayasema. Nikasema na la kuku. Nikasema na kwamba tulicheka. Sauti yangu ilinitoka kavu kabisa, kama ya mtu anayeagiza chumvi.

Nereida akaweka kisu chini. Kisha akauliza sanduku liko wapi. Nikamwonyesha. Akatembea kutoka kwenye simu hadi pale, polepole, akarudi, akatembea tena. Sikumwambia ni hatua ngapi.

"Na Melquíades anajua?"

"Hajui."

"Siku tisa kasimama kwenye mvua."

"Ndiyo."

"Na wewe ukamwangalia."

"Ndiyo."

Akatoka uani, na mihogo ikabaki nusu.

Saa kumi na moja watu walijaa. Kabla rozari haijaanza nilisimama, nikawaambia wote. Sikupamba. Nilisema simu ilipigwa saa ngapi, nilijibu nini, wao walianza kutafuta saa ngapi. Nilisema toroli lilipita nyuma ya nyumba yangu miaka yote na mimi ndiye niliyekuwa nikimshika mkaguzi kwa chakula. Nilisema majaketi ni ya Melquíades na hilo litabaki lake, lakini yale masaa matatu ni yangu, na asiyabebe yeye. Mama mmoja alianza kusema, "Usijitese, Edilsa," nikamwambia anyamaze.

Nereida ndiye aliyenyanyuka. Akachukua kiti chake mwenyewe, akakitoa nje, akakiweka kando ya pipa. Melquíades hakutaka kukikalia. Nereida akamshika bega akamkalisha. Akarudi ndani akasali rozari nzima akiwa amesimama, hakunitazama.

Walipoondoka nilipakua chakula cha watu wawili. Nereida akaja hadi mlangoni mwa jiko.

"Hata mimi ningesema haijatoka," akasema. "Mtu yeyote angesema hivyo. Nimejiuliza kutwa nzima, na ningesema hivyo."

Nilitaka kumgusa. Akarudi nyuma hatua moja.

"Lakini siwezi kula na wewe leo, mama."

Akaenda kulala. Basi lake lilikuwa liondoke kesho alfajiri. Tiketi kaiacha mezani, na mkoba hajaufunga. Sijui maana yake. Sitamuuliza.

Alisema leo. Nimeifunika sahani yake, nimeiweka juu ya jiko pasipopoa.